Kayamba Ndani ya Mtungi

Jumapili. Mawingu, joto la kunata, upepo hakuna.

Chwaa.

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama ya mtu aliyeinua kayamba kisha akaghairi kucheza. Niliisikia juzi nikipiga deki stoo. Niliuinamisha mtungi wa hewa wa kaka ili nifute chini yake, na kitu kikateleza ndani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikausimamisha. Nikauinamisha tena, taratibu, nikiomba nisisikie kitu.

Chwaa.

Kaka yangu Bakari ni mzamiaji. Boti ikipoteza nanga, au wavu ukijisokota kwenye pangaboi, anaitwa yeye. Vifaa vyake anavitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Akirudi baharini, vinaoga kabla yake: maji matamu, kila kifungo kinafunguliwa na kufungwa mpaka chumvi itoke, kisha vinaanikwa kivulini. Maji ya kisima chetu hapa Chumbageni hayataki, anasema yana chumvi yake ya kichinichini. Anachota ya bomba. Mama humtania kwamba siku akioa, mke atapewa talaka kwa doa moja la kutu.

Kwa nje, mtungi huo wa chuma unang'aa. Lakini nani huangalia ndani?

Mara ya mwisho alipoutumia, hewa ilimwishia kabisa akiwa chini. Alitusimulia kama kichekesho, jinsi alivyopanda juu macho yamemtoka. Mtungi ukiisha kabisa chini ya maji, bahari hupata mlango. Akaenda kuujaza, akauweka. Kisha sikio likamuuma, ikaja Ramadhani, ikaja masika na mto ukamwaga tope lake baharini. Muda wote huo mtungi umekaa stoo, umejaa hewa, na ndani yake vijiko vichache vya maji ya chumvi.

Mimi nafundisha kemia. Kila mwaka naweka stilwaya mbichi ndani ya glasi, naipindua kwenye beseni la maji, na wanafunzi wanatazama maji yanavyopanda siku hadi siku. Kutu inakula oksijeni, nawaambia, na maji yanachukua nafasi yake. Huwa nasema kwa sauti ya kuchoka, kama mtu anayesoma tangazo.

Sikuwahi kuliogopa somo langu.

Hewa iliyoliwa na kutu haimkabi mtu. Hilo ndilo linalonitisha. Kifua kinajaa, kinashuka, mtu anajiona mzima. Hakuna kikohozi, hakuna harufu. Anaweza kuijaribu angali kwenye boti, akavuta mara mbili tatu, akasema sawa. Halafu, ndani ya maji, anazimika kama taa.

Jana alasiri nilifanya jaribio jikoni. Nilijaza hewa ya mtungi kwenye chupa ya jamu, nikaingiza njiti ya kibiriti inayowaka. Ikafa palepale mdomoni mwa chupa, kana kwamba kuna mtu ameipuliza. Kwenye chupa ya pili, yenye hewa ya jikoni tu, njiti iliendelea kuwaka mpaka ikakaribia kidole changu. Nikarudia. Nikarudia tena, nikitamani niwe nimekosea.

Nikawaita mama na kaka. Nikaeleza kama ninavyoeleza darasani, nikawasha njiti nyingine, nikasema Bakari akishuka na hewa hii, na kabla sijamaliza moto ukazimika. Mama akanishika mkono.

"Mwanaidi, usimchurie mwenzio."

Kwetu mtu anayejiandaa kwenda baharini hasemewi mabaya. Na mimi nilikuwa nimelitaja jina lake huku moto ukifa mkononi mwangu. Mama hakuona oksijeni. Aliona uchuro.

Kaka alicheka. Akaniambia, "Mwalimu, kibiriti chako kimelowa. Hewa hiyo nimejaziwa mimi, macho yangu yakiona." Nikamsihi mtungi ufunguliwe, utazamwe ndani. Akasema sawa, lakini Jumatatu asubuhi ana nanga ya watu ya kutafuta kule Raskazone. Utatazamwa akirudi.

Akirudi.

Jioni mama alileta chetezo, akafukiza ubani vifaa vyote. Mtungi aliufukiza muda mrefu kuliko vingine, midomo yake ikitembea. Nilisimama mlangoni nikaitikia amin, na niliitikia kwa moyo wangu wote. Kisha yeye akaenda kulala, na mimi nikabaki na ile chwaa masikioni.

Nilifikiri kuimwaga ile hewa tu. Lakini angeujaza tena akiwa njiani, na kuta za mtungi zilizolika zinaweza kupasuka wakati wa kujazwa, mbele ya mtu mwingine kabisa. Na ndio mtungi wake pekee. Bila huo hana kazi, na kaka asiye na kazi namjua: hukaa barazani tangu asubuhi, salamu anaijibu kwa kichwa. Mimi ni mdogo wake. Nani amenipa ruhusa?

Leo asubuhi alitoka kwenda kuazima mashine ya boti. Nikauburuta mtungi hadi uani, nikafungua koki. Ulipiga mluzi mrefu mno, kuku wakakimbilia kwa jirani. Mama akatoka. Nilijua atanizuia. Alinitazama, akautazama mtungi, akarudi ndani, kisha akaja na khanga kuukuu.

"Ufunike," akasema. "Watu wasiuone njiani."

Nilichukua bajaji hadi Makorora, kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia aukate katikati. Aliniuliza mara mbili kama mwenyewe anajua. Mara zote mbili nikasema anajua. Ni uongo, na nauandika hapa ili usije ukajifanya mdogo baadaye.

Grinda ilipotoboa, magamba ya kutu yalimwagika miguuni mwangu, mekundu kama udongo wa Lushoto. Ndani palikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Fundi akaacha maswali.

Kaka bado hajarudi. Vipande viwili nimeviweka barazani, ndani yake pakitazama njia atakayopitia. Hata sasa ninapoandika, wekundu umeganda kwenye kucha zangu. Pengine hatanisemesha mwezi mzima. Pengine mwaka. Najaribu kuogopa hilo, lakini hofu yangu haina nafasi tena.

Nimeukata. Kesho hashuki.