Aliyenishikia Fimbo Mkondoni

Makangale, Pemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, pweza nala mpaka naogopa nitaota mikono minane. Juzi uliponipigia simu ukaniuliza nakuja lini ili siku ya harusi yangu na Zuhura ipangwe, nilijifanya sisikii, mtandao mbaya. Haukuwa mbaya, Mama. Jambo lenyewe halisemeki kwa simu.

Unajua tulikuja huku kujenga barabara na daraja la kuvuka mkondo wa mikoko. Ng'ambo kuna kijiji ambacho maji yakijaa hatoki mtu, hata mwanamke mwenye uchungu. Kazi yangu ni kupima. Mimi nachungulia kwenye darubini, na Mzee Kombo, mwenyeji wa hapa, anasimama mbali na fimbo ndefu ya vipimo. Nampigia kelele, "Kulia kidogo! Hapo hapo, usitikisike!" Mikono ikimchoka huuliza, "Bado?" Nikimaliza nasema, "Haya, toka."

Siku moja jua likiwa utosini, maji yametoka, nilichungulia nikaona fimbo imesimama katikati ya mkondo. Nikasema kulia, ikaenda kulia. Nikasema hapo hapo, ikatulia kuliko siku zote, nami nikaandika kipimo. Mara nikaguswa bega. Alikuwa Mzee Kombo, uso umelowa, fimbo yetu mkononi mwake.

"Yakhe, mie nilikwenda kutia udhu. Weye wasema na nani?"

Nikatazama mkondoni kwa macho yangu. Matope matupu, hata wayo mmoja haukuwapo. Mwanao niliyekuwa nikiwacheka wenzangu kwa woga, nilikimbia nikaacha kiatu.

"Adhuhuri haitwi mtu kwa ukelele huku," Mzee Kombo akaniambia tulipotulia. "Na ulimwambia toka?"

"Sikumwambia."

"Basi kasimama vivyo hivyo. Weye ndiye ulomweka."

Nilimwona ana porojo tu. Lakini nguzo ya kwanza ya daraja ilizama matopeni, ya pili nayo ikazama. Mhandisi wetu akafungua daftari langu, akakiona kile kipimo, akasema tujaribu pale. Sikumwambia nani alinishikia fimbo. Nguzo ikakaa kama gego.

Daraja sasa linapitika. Mkwe wa Bi Mize, mama anayetupikia, alishikwa na uchungu maji yakiwa yamejaa, akavushwa, akajifungua salama hospitali. Ila watu hawalipiti adhuhuri. Wanasema ukisimama katikati wakati huo, chini ya nguzo kuna sauti inauliza, "Bado?"

Mkataba wangu ulipokwisha, Mzee Kombo alinifuata. "Ukimwambia toka, hiyo nguzo mie sijui kama itasimama. Na ukenda zako hujamjibu, atatoka mwenyewe akutafute."

Siku ya safari nilikwenda darajani na begi langu, adhuhuri, nimeazimia kumwambia toka nikapande boti. Nilikuwa nimemkumbuka Zuhura usiku kucha. Sauti ikauliza, imechoka, Mama, imechoka kama mtu mzima aliyesimama mwaka, "Bado?" Nikafungua mdomo. Hapo mkwe wa Bi Mize akatokea ng'ambo mbio mbio, mtoto kifuani anachemka homa, hakuweza kungoja jua lipungue. Alishakanyaga daraja.

"Bado," nikajibu. Akapita na mtoto wake. Nikakaa chini nikalia bila haya.

Tangu hapo naenda kila adhuhuri kujibu, maana kila siku anauliza upya. Nimepata kibarua cha kufyeka kando ya barabara, kinanitosha.

Nisalimie mjomba anayekulimia shamba, na dada yangu mkubwa pamoja na wanawe. Kitanda changu mpe mdogo wangu. Zuhura mwambie wewe mwenyewe, usimtume mtu: akija mume mwema, aolewe, asiningoje. Sababu usimwambie. Namjua, atataka kuja kusimama na mimi.

Mwanao akupendaye,
Shabani