Mwalimu Mstaafu wa Jukwaani

Sotik

Kwa binti yangu Cheptoo,

Kwa heshima nakuarifu kwamba ng'ombe mweusi amezaa na chai imechumwa vizuri. Naituma barua hii kupitia jukwaa lenu la mtandaoni la walimu Wakenya walio ughaibuni, ambalo litafungwa Ijumaa. Nimeona wamebaki wanachama tisa, wengi wao kimya.

Simu zangu hupokei tangu nilipomzika mama yako bila kukungoja. Kwa hivyo nilijiandikisha humu kwa jina la Mwalimu Mstaafu, ingawa sikuwahi kufundisha, ili nisome habari zako. Siku uliyomwandikia mwalimu huyo, bila kujua kwamba ni mimi, "Wewe mzee ungeningoja nifike mazishini," nilizima simu nikaenda kumkatia ng'ombe majani.

Baada ya Ijumaa sitakuwa na njia nyingine ya kukusikia. Naomba unijibu, hata kwa hasira.

Ni mimi babako,
Aron Koech