Waliolikimbilia Gari la Sabuni

Obunga, Kisumu,
Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na magoti: siku hizi yanakubali kupanda kilima cha kanisani, au bado unasalia nyumbani? Kifua kimepoa, au baridi ya huko Wundanyi imekukalia tena? Na macho, Mama? Hilo la macho ndilo nililotaka kuuliza kwanza, nikaogopa, nikaliweka la tatu. Mimi mwanao ni mzima. Ile malaria ya juzi imeshaondoka, imeniachia masikio yanayolia tu, na kwa kazi yangu masikio yalikuwa yanalia hata kabla ya malaria. Dada Wakesho, najua wewe ndiye unayesoma. Soma polepole, na usiruke pale ninapojisema vibaya eti kumfurahisha Mama.

Barua yako niliipata. "Njoo nikuone kabla macho hayajafunga kabisa." Umeniita hivyo mara tatu sasa, na kila mara nimekujibu kwamba kazi imebana. Hukunijibu neno baya hata moja. Ungenitukana kidogo ningepata nafuu.

Uliuliza hii kazi yenyewe ni kazi gani, maana huko kijijini wanasema mimi ni mtangazaji wa redio. Siyo redio, Mama. Ni pikapu. Juu imefungwa vipaza sauti viwili, nyuma imejaa makatoni ya sabuni ya unga inayoitwa Povutele, na mimi nimekaa mbele na maikrofoni kama padri aliyepotea njia. Tunazunguka masoko yote ya upande huu wa ziwa. Mimi nasema kwa Kiswahili, kwa sababu meneja alipenda Kiswahili changu cha huko kwetu, halafu mwenzangu Okech, ambaye pia ndiye dereva, anarudia kwa Kijaluo. Yeye anachekesha kuliko mimi. Najua kwa sababu watu hucheka mimi nikiwa nimeshanyamaza.

Meneja wetu ni mtu wa Nairobi, na ana mafundisho yake. Anasema mtu akigeuza shingo tu, umeshamuuzia nusu ya pakiti. Kwa hiyo kazi yangu kwa kweli si sabuni, ni shingo. Wenzetu wa sabuni ile nyingine wana gari kubwa kuliko letu, na wasichana wanne wa kucheza ngoma juu yake. Siku ya soko pale Katito wao wanakaa upande wa barabara ya Kendu Bay, sisi tunakaa upande wa Kisii, na watu wa katikati wanageuka huku na huku mpaka unawaonea huruma. Siku moja mama mmoja muuza omena aliacha beseni lake akaja kugonga mlango wa gari.

"Bwana," akaniambia, "nyamaza hata kidogo. Mimi pia nauza. Kastoma yangu anasikia sabuni, anasikia sabuni, hasikii bei ya samaki."

Nilimwomba radhi. Kisha wenzetu wakaongeza sauti, na sisi tukaongeza. Mama wa omena akarudi akajifunga kitambaa masikioni, akawa anauza kwa vidole.

Na usifikiri maneno haya yanapita bure. Jirani yangu hapa Obunga, mama mwenye watoto wawili na shuka moja, ana pakiti za Povutele chini ya kitanda za kutosha kufulia jeshi zima. Tuliwatangazia kwamba ukituma karatasi za pakiti tupu utaingia kwenye bahati nasibu ya baiskeli. Basi anamwaga sabuni kwenye debe apate karatasi. Baiskeli hajaiona, na hajui kuiendesha. Nilipomwambia taratibu kwamba aache, alinitazama kama mchawi anayetaka kumzibia njia. "Wewe si ndio ulisema?" akaniuliza. Ni kweli, mimi ndiye niliyesema. Nililisema kwa furaha kabisa, na nilikuwa sijamfikiria yeye wala mtu mwingine yeyote.

Sasa nikuambie jambo la aibu. Mji mzima unaijua sauti yangu, na hakuna anayenijua mimi. Nikipita, watoto wananiita Povutele. Wakubwa pia. Mwenye nyumba ananiita Povutele akija kudai kodi. Kijaluo changu kinatosha salamu ya asubuhi na kushukuru kwa chakula, baada ya hapo natabasamu mpaka mashavu yaniume. Jumamosi jioni naingia kwenye hoteli ya karibu na reli, nakula kuon, ndio ugali wa huku, na samaki peke yangu, na siku moja mhudumu aliponiletea maji ya kunawa nilimwambia, "Asante sana, mteja wetu mpendwa." Alicheka, nami nikacheka. Nilipofika chumbani nilikaa kitandani na viatu miguuni, nikatamani mtu mmoja tu aniite Mwakio.

Ni hivyo nilivyokuwa, Mama, siku tulipopelekwa upande wa Pap Onditi.

Kampuni ilikuwa imeleta sabuni mpya yenye harufu ya limau. Meneja akasema gari lazima lionekane bichi, watu walinuse kwa macho kabla hawajalinusa kwa pua. Akaagiza matawi ya kijani yafungwe mbele kwenye boneti na pembeni kwenye milango. Akaagiza taa ziwashwe mchana, mwendo uwe wa pole, na honi isinyamaze. Okech hakuwapo siku hiyo. Alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumzika shemeji yake, na tulipewa dereva mwingine anayeitwa Mutua, Mkamba aliyekuwa na wiki moja tu Kisumu. Meneja wa Nairobi, dereva wa Machakos, na mimi wa Taita. Tulifunga matawi yale vizuri sana, hata tukapongezana.

Tulipoacha barabara kubwa na kuingia njia ya vumbi, nikaona watu wanatoka mashambani. Kwanza wachache, halafu wengi. Wanaume waliacha jembe pale pale. Wanawake walikuja wakikimbia, lesso zinaanguka, mikono kichwani. Mwaka mzima nimetafuta shingo zigeuke, na sasa naona miguu inakimbia! Mutua akanipiga bega: "Leo tumewaweza." Nikashika maikrofoni, nikasema kwa sauti yangu nzuri kuliko zote, "Karibuni mama zangu, karibuni baba zangu, kila mmoja atapata pakiti yake!" Na muziki wa sabuni ukaanza.

Ndipo nikasikia kwamba wanalia.

Huku, Mama, mtu akifia mbali analetwa nyumbani, hata iwe mbali vipi, na watu wa kwao hutoka kumlaki njiani. Na gari linalomleta huja hivyo hivyo: matawi mbele, taa mchana, mwendo wa pole, honi. Mtoto wa huku analijua kabla hajajua kusoma. Familia moja ya pale ilikuwa inamngojea kijana wao, Odera, kutoka Mombasa alikokuwa akifanya kazi bandarini. Gari lake lilikuwa limechelewa tangu asubuhi. Likatokea letu.

Mutua alihangaika na kile kinanda cha kaseti na hakizimiki. Muziki ukaendelea kusifu povu, na watu wamelizunguka gari, wengine wamelishika. Mzee mmoja akaja dirishani kwangu, hakupiga kelele, akasema, "Kijana. Zima hiyo kitu." Nikang'oa nyaya kwa mkono.

Katikati ya ule umati akatoka mama mzee, mwembamba, anashikwa huku na huku. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pikapu, akaweka kiganja juu ya katoni ya sabuni, akakiacha pale. Alisema maneno kwa Kijaluo nisiyoyajua. Kisha akaniona nimeshuka, akaona mimi si wa kwao, akaniuliza kwa Kiswahili.

"Hii gari imetoka Mombasa? Mmeleta mtoto yangu?"

"Hapana, Mama. Tumetoka Kisumu. Tumeleta sabuni."

Sijui kama katika maisha yangu nitasema tena neno linalonidhalilisha kama lile. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha, Mutua naye akavua kofia. Nilidhani watatupiga, na nilikuwa tayari. Yule mama akaniambia niinuke.

"Wewe kwenu wapi?"

"Taita, Mama."

"Taita si ni hapo hapo karibu Mombasa?"

"Ni karibu."

Alitikisa kichwa. "Mtoto yangu amefia kwenu, na wewe unauza sabuni kwetu. Mama yako iko?"

"Yuko."

"Anakuonaga lini?"

Nikanyamaza. Mimi, ninayelipwa kwa kutonyamaza.

"Odera alikuwa anaandika, nakuja Krismasi, nakuja Krismasi," akasema. "Ile Krismasi ikipita, anaandika ingine. Kazi imekuwa mob, mingi sana, anasema. Mimi nikasema sawa, baba, fanya kazi. Sasa ndio amepewa ruhusa."

Mama, nililia mbele ya watu nisiowajua kama mtoto aliyepotea sokoni.

Tuling'oa matawi, tukalisogeza gari kando ya uzio wa shule. Gari la Odera lilifika jua likiwa limelala upande, na watu wakalikimbilia tena kwa mbio zile zile, kana kwamba hawakuwa wamechoka wala kudanganywa. Sikuona hata mmoja aliyebaki nyuma. Hakuna aliyewaambia kuna zawadi. Nilisimama uzioni nikajiuliza, nikifia hapa Obunga, ni nani atakimbia? Watasema yule Povutele, na hata jina la kuandika msalabani watakosa. Kabla hatujaondoka wanawake wa jikoni walituomba sabuni ya kuoshea sufuria za matanga, tukawashushia makatoni yote yaliyokuwemo.

Sikiliza sasa kilichofuata. Baada ya wiki mbili maduka ya pale yakaomba Povutele zaidi kuliko soko lolote. Waliosha nayo vyombo vya matanga, wakaizoea. Meneja alipopata habari nzima hakuona aibu hata ya kusingizia. Macho yalimng'aa.

"Kumbe huku watu wanakusanyika hivyo kila Jumamosi?" akasema. "Mwakio, tafuteni matanga yako wapi. Tutawapelekea sabuni ya vyombo bure, na wewe utasema maneno machache tu, ya heshima."

Okech alikuwa amerudi. Akaniambia mimi, si meneja, "Jamaa, hii sasa hapana. Watatuchoma na gari, na watakuwa na haki." Lakini Okech ana watoto wanaosoma, na alijua kwamba akiambiwa aendeshe ataendesha. Simlaumu.

Mimi niliomba likizo nije nikuone. Meneja akasema Desemba ni msimu, niende Januari, au Pasaka ikiwa Januari itakuwa na kazi. Nilimsikia Odera katika kinywa chake, Mama. Nikamrudishia maikrofoni. Aliniambia sauti ziko nyingi mjini, na hakunidanganya. Jana nikiwa nafua, Povutele imepita hapa Obunga na sauti ya kijana mwingine, mpya kabisa. Shingo zote ziligeuka kama zilivyokuwa zikinigeukia mimi. Watoto wakamkimbilia wakimwita Povutele. Hakuna aliyeona kwamba si mimi. Iliniuma kidogo, kisha nikaona kwamba hapakuwa na kitu changu pale cha kunung'unikia.

Kwa hiyo nakuja, na nakuja mikono mitupu. Mabati niliyoahidi sina. Watu watasema Mwakio alikwenda na maneno mengi akarudi nayo, na waache waseme. Naogopa, sitakuficha. Kazi huko hakuna, na mdomo wangu haujui kulima. Lakini ninaogopa zaidi kuendelea kukuandikia.

Nisalimie Baba mdogo Mwaluma, umwambie ile redio aliyoniagiza asiingojee. Nisalimie Shangazi Mkamburi anayenidai kicheko, na shemeji yangu, mume wa Wakesho, umshukuru kwa kukukatia kuni mahali pangu. Mchungaji msalimie, na usimwambie habari ya padri aliyepotea njia. Na wewe Wakesho, mlezi wa sisi wote, asante kwa macho yako.

Naondoka Jumatano kwa basi la Nairobi, halafu la Voi. Ukisikia gari limesimama pale njia panda, Mama, usitoke, wala usimtume mtu akimbie kuuliza limeleta nini. Kaa hapo hapo mlangoni penye mwanga. Nitashuka mwenyewe, nitapanda kwa miguu yangu, na nitasimama karibu nawe nimenyamaza kabisa, mpaka unione.

Mwanao,
Mwakio