Vipande Vitano vya Nyumbani

Bundali, 6 Juni 1954

Kwa Kaka Asajile,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu wazima, isipokuwa kifua cha Baba, ambacho baridi ya mwaka huu haikukihurumia. Je, wewe na vumbi la mgodi mnaendeleaje?

Uliniomba nikupigie picha ya nyumbani kote, kuanzia jiko la marehemu Mama hadi nyumba yako, pamoja na mlima wote nyuma yake, uitundike ukutani huko Luanshya. Kamera yangu ya boksi haina jicho pana kiasi hicho. Nilipokuwa Makerere nilimwona mwalimu wa jiografia akiunganisha picha kadhaa hadi zikawa bonde moja, nami nikadhani kutazama ni kujifunza. Mwezi uliopita nilisimama uani, nikapiga picha tano, na baada ya kila moja nikasogea hatua chache kulia. Matokeo yamo ndani ya bahasha. Mlima umekatika kama ngazi, na choo kimetokea mara mbili.

Mpiga picha wa Mbeya aliyezisafisha alinicheka kwa adabu. "Mwalimu," alisema, "miguu ikae pale pale. Igeuke kamera tu. Na kila picha irudie theluthi ya iliyoitangulia, ndipo utapata pa kupaka gundi."

Nitajaribu tena. Ila niruhusu swali, ambalo huenda nakosea hata kulifikiria: ukishakuwa na nyumbani ukutani, utabaki na sababu ya kuja? Mwaka huu ni wa saba.

Ndimi mdogo wako,
Mbonile

Luanshya, 11 Julai 1954

Mdogo wangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, vumbi nalo tumezoeana. Mwambieni Baba asitoke kabla jua halijapanda.

Nimecheka sana. Jairo, Mnyamwanga ninayekaa naye chumba kimoja, ameutazama mlima akasema, "Huu umevunjika mguu, mukwai, bwana wangu. Upelekeni hospitali." Hata hivyo nimeutundika. Nilikuwa nimesahau kwamba mlango wa jiko la Mama unatazama mashariki. Kichwani mwangu ulikuwa umegeuka, sijui tangu lini.

Lakini watu wako wapi? Umenipigia kuta na migomba. Nataka Baba, nataka mke wangu Tusekile na watoto, wote katika picha moja.

Kuhusu swali lako: mkataba wangu unaisha Desemba, na msimamizi anataka niweke sahihi ya miaka miwili mingine. Sijaweka, wala sijakataa. Pengine nikiwaona wote nitajua.

Kaka yako,
Asajile

Bundali, 29 Agosti 1954

Kaka mpendwa,

Tunakusalimu, na tunashukuru kwa kusikia kuwa u mzima. Baba anakohoa, lakini anakula.

Kweli umekaa ugenini hata ukasahau uzito wa ulichokiomba. Baba na mkwe wake katika picha moja? Tangu umwoe Tusekile, Baba hajauona uso wake. Shemeji akimsikia njiani huingia migombani. Na Baba, tangu siku ambazo kifua chake kilikuwa kizima, hukohoa makusudi ili kumpa nafasi ya kujificha. Ndiyo heshima yao, nawe waijua.

Nilifikiri siku nyingi, nikaona kwamba picha za kuunganisha zinaweza kutusaidia. Niliweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakataza mtu yeyote asikiguse. Siku hiyo hatukutwanga. Asubuhi nilimpiga Baba picha kwenye kiti chake upande wa kushoto. Nikageuza kamera kidogo, nikapata jiko. Kidogo tena, uwanja mtupu. Hapo kazi ikasimama, maana Baba alikataa kuingia ndani.

"Naota jua," alisema.

"Baba, kuna mtu anangoja nyuma ya nyumba."

"Najua. Mtu huyo ana unga wa kuchekecha. Akimaliza, nami nitakuwa nimemaliza jua."

Aliingia saa tisa. Shemeji akatoka na watoto, akasimama mbele ya nyumba yako. Kwa hiyo usishangae: upande wa Baba ni asubuhi na upande wa mkeo ni alasiri, na vivuli vyao vinaelekeana. Fundi wa Mbeya angeniambia nimekosea. Mimi sina hakika. Angalau mlima umepona.

Mdogo wako,
Mbonile

Luanshya, 3 Oktoba 1954

Mwalimu,

Salamu. Picha imefika, nami nimeibandika juu ya ubao mrefu. Jairo anasema watu wenye majua mawili hawana haki ya kulalamika baridi.

Tusekile amekonda. Mtoto wetu mkubwa ana masikio yangu. Na Baba amekuwa mdogo, au ni kiti kilicho kikubwa? Niambie kweli. Waonyeshe nakala yenu, uniandikie watakavyosema.

Nimeshika kalamu ya mkataba mara mbili. Jioni picha hii hunitosha. Asubuhi hainitoshi.

Kaka yako,
Asajile

Bundali, 14 Novemba 1954

Kaka Asajile,

Salamu kutoka kwetu. Umeniomba kweli: Baba hatoki tena kitandani.

Nilimpelekea nakala. Kabla hajaitazama alifumba macho, akauliza, "Yeye yuko upande gani?" Nikamwambia kulia. Akaweka kiganja juu ya upande ule, ndipo akafumbua macho. Aliitazama sehemu iliyobaki hadi uji wake ukapoa. Kiganja hakikusogea.

Kisha nikampelekea shemeji. Yeye alifunika upande wa kushoto kwa pindo la kitenge. "Mkwe ametokea vizuri?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Ashukuriwe Mungu," akasema, akanirudishia.

Nilidhani karatasi ingewapa ruhusa ambayo uwanja haukuwapa. Labda ni elimu yangu iliyodhani hivyo, maana wao hawakuonekana kupungukiwa na kitu. Walitaka tu kila mmoja ajue hali ya mwenzake. Habari hizo wa kuzipeleka ni wewe, mume na mwana. Kwa miaka saba zimepelekwa na watoto wako, nao husahau nusu mlangoni.

Sikuambii uje. Nakuambia nilichokiona.

Mdogo wako,
Mbonile

Tunduma, 9 Desemba 1954

Mbonile,

Salamu kwa haraka. Sikuweka sahihi. Lori letu limekatika springi hapa mpakani, na fundi anasema siku mbili. Barua hii nimempa mwenye baiskeli anayekuja huko. Picha nimemwachia Jairo, aliiomba.

Sijui nitamkuta Baba katika hali gani, na sitaki kukisia. Mwambie Tusekile leo kwamba nakuja. Muulize ana neno gani kwa mkwe wake, alishike tayari. Nitaanzia kwake, nilichukue, kisha niingie kwa Baba.

Kaka yako,
Asajile