Jicho la Nyar Lambwe

Migori, 14 Agosti 1967

Kwa dada yangu mpendwa Benta,

Usikasirikie doa hilo hapo juu. Orpah amechovya kidole kwenye wino sasa hivi, akakigandamiza kwenye karatasi, kisha akacheka. Karatasi yenyewe ni ya mwisho, basi naandika kulizunguka. Pokea salamu zangu, mimi Nyamoita wako. Sisi tu wazima, Orpah ameota jino la nne. Nyinyi huko Mbita mwaonaje? Mgongo wa mama umepata nafuu?

Dada, nina habari za nyoka, lakini usiogope. Mwalimu Walter wa Homa Bay anafuga chatu aliyemwokota kwenye bonde la Lambwe akiwa mwembamba kama mkanda. Anamwita Nyar Lambwe, yaani binti wa Lambwe. Alimtaka mume wangu Bichage ampige picha ya kichwa, karibu sana, magamba yahesabike, awafundishie watoto. Akasema ikitoka vizuri, wanafunzi wote watapigwa picha na studio yetu. Isipotoka, ataita fundi wa Kisumu. Nawe wajua wateja wetu siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Safari ya kwanza picha zilitoka nyeusi kama masizi. Ya pili nikafuatana naye, Orpah mgongoni. Mama Phelesia, mamake mwalimu, alimuuliza Bichage kama kwao mgeni hupigwa picha kabla hajala. Akasema kwa Wajaluo chatu akiingia nyumbani hafukuzwi, hupewa kuku. Basi Nyar Lambwe akameza kuku wake, akatulia tuli, macho wazi, maana chatu hana kope za kufumba. Wateja wetu wangejifunza kwake!

Bichage akavuta ile sehemu ya kamera inayokunjuka kama kinanda cha mkono, mpaka mwisho, ili aone karibu. Akafungua lenzi, akahesabu mpaka nne kama anavyofanya kwa watu. Mara ulimi ukatoka! Akaruka nyuma, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Mama Phelesia akamwambia kisima kiko upande ule, shujaa, asikimbie sana asije akakipita.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Alipoondoka, niliweka filamu nyingine, nikaingia chini ya kitambaa cheusi. Nililiona lile jicho, Benta, limepinduka juu chini, kubwa kama kisahani. Nikawaza, mwanga ukisafiri mbali hivyo ndani ya kamera hufika umechoka, lazima usubiriwe. Nikahesabu polepole, nikapita nne mbali.

Bichage alipoziosha picha, moja tu ndiyo iliyotoka, kila gamba mahali pake. Aliniinua juu mimi na mtoto, akasema mkono wake umerudi. Kwa ile hofu hakukumbuka alipiga ngapi. Nami nikacheka naye.

Lakini mwalimu hajatupa kazi bado. Anataka moja zaidi, ya mdomo, na Bichage atakwenda kesho na hesabu yake ya nne. Nikinyamaza, kazi ni ya Kisumu. Nikisema, naogopa kumvunja moyo, mimi mke wa darasa la nne. Tena kazi hii naitaka, dada. Sijawahi kutaka kitu hivi. Nitamwambia leo kabla hatujala, niombee.

Msalimie mama, na Filister, na wote wanaoniulizia huko. Ngoja, Bichage ananiita kutoka chumba cha giza. Si kwa hasira. Anasema amekumbuka yeye alipiga moja tu, kwa hiyo hii nzuri ni ya nani, na anataka nije nimwambie nilihesabu mpaka ngapi. Karatasi imekwisha, naenda.