Hina na Kipenga

Jumatano, baada ya chakula

Na bado nasema alikusudia. Angekuwa anatania, yule mwalimu wa netiboli wa Ilala asingesubiri pale kwenye mechi ya Jumamosi mpaka wasichana wangu wote wakusanyike ndipo anishike mkono. "Bibi harusi, hina haijafutika unafundisha mpira? Rudi kwako Mchafukoge ukampepee bwana!" Mwanamke mwenzangu! Tukafungwa, timu yake ikatucheka mpaka getini.

Tangu Jumatatu nawakimbiza wasichana mchakamchaka mpaka maduka ya Kariakoo yanafungwa. Wakikosa pasi, namwona yeye tu.

Leo nahodha wangu, Mwanaidi, alisimama mbele yangu akihema. "Mwalimu, tumekukosea nini? Siku ya tatu leo tunakuamkia, huitikii."

Kweli, shikamoo zao zote nilikuwa nazijibu kwa kipenga.

Nikawapanga mstari, nikawaitikia mmoja mmoja kwa jina. Marahaba Mwanaidi. Marahaba Stela. Wa mwisho akasema, "Kumbe Mwalimu unatujua!" Tukacheka sote, kisha wakacheza kama wamepewa miguu mipya.

Nimemsimulia Idrisa wangu, mume wangu, nuru ya chumba hiki! Akabusu viganja vyangu, akasema hina imeanza kupauka.

Naogopa tutafungwa tena, sifichi. Lakini yule mama sijamsamehe, wala sitaki. Hina nitapaka upya, mpaka viwikoni, na kabla mwezi haujaisha tutamtembelea kwake Ilala kwa mechi ya marudiano, mimi na wasichana wangu.