Shughuli Binafsi za Shimba

Mirongo, Mwanza,
14 Agosti 1994.

Mpendwa kaka Mihayo,

Shikamoo. Habari za Mtwara, na wifi, na hicho kifua chako? Huku mwili mzima. Moyo usiniulize.

Najua simu ya maandishi ilikufikia, na najua nauli ilikushinda. Hakuna anayekulaumu. Mdogo wetu Shimba tumemzika Jumamosi, watu wamejaa mpaka barabarani.

Wasifu wake waliuandika mgambo wenzake wenyewe, wakakataa katakata tuwasaidie. Basi katibu wao akasimama kaburini, miwani puani, akasoma kwamba marehemu alifariki "akiwa katika shughuli zake binafsi," eti kwa kuwa siku ile hakuwa zamu. Shughuli binafsi! Kaka, nilitaka kupasuka.

Shimba alikuwa uani kwake Mkuyuni, asubuhi, anamwogesha Precious, kitinda mimba wake. Yowe likapigwa mwaloni, pale boti za samaki zinapotia nanga: majambazi wanang'oa mashine za boti. Akakimbia na povu la sabuni mikononi. Wenye zamu walijificha nyuma ya mizani ya sangara. Yeye ndiye aliyepigwa risasi.

Nikainuka, nikamnyang'anya katibu ile karatasi, nikasema yote hadharani. Kwamba vita vya Uganda alikwenda na mgambo, akarudi bila kudai hata asante. Kwamba walipompunguza kiwandani alikaanga samaki sokoni, wanaomcheka akacheka nao, na hakuna mwanawe hata mmoja aliyelala njaa. Kwamba mkewe Kashindye alipojifungua, ni yeye aliyesonga ugali na kufua nepi, majirani wakasema kalishwa limbwata. Hapo watu walicheka huku wanalia.

Sasa baba mdogo Masele amekuja juu. Anasema mwanamke hasemi kaburini, nimeuaibisha ukoo, na siku ya arobaini nimpigie katibu magoti mbele ya watu wale wale. Thubutu! Nimemwambia wewe ndiye mkubwa wetu, tusubiri neno lako. Amekubali.

Mama mkubwa Modesta anakusalimu sana, na watoto wa marehemu wote wanne. Nisalimie wifi.

Kaka, ukisema nipige magoti, nitapiga. Ila agizo hilo usiniandikie mimi. Mwandikie Kashindye, mjane wake, alisome yeye kwanza, kwa sauti, wanawe wakisikia.

Mungu akulinde, akupe walau nusu ya moyo wa Shimba.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Paskazia